Mshelisheli wa shangazi: mti mmoja, mavuno mawili

Tulipomaliza kuhesabu, mashelisheli yalikuwa 104. Mazima 59. Yaliyobaki, 45, yalikuwa yamepasuka au yamebonyea ubavu kama mpira uliopungua upepo. Pembeni, chini ya mlimau, mkwezi alikuwa ameupakata mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kifundo kimeshaanza kuvimba, na shangazi yangu akimpepea kwa pepeo la jikoni huku akimuuliza kila mara kama anaona vizuri.

Hiyo ilikuwa Ramadhani ya 2025, kijijini kwetu upande wa Mtambile, kusini mwa Pemba. Mimi nilikuwa nimetoka Unguja siku mbili kabla, nikashuka bandari ya Mkoani na begi moja na tende za shangazi. Kazi yangu ni ujenzi. Riziki naitafuta juu ya majukwaa, kwa hivyo mtu akianguka kutoka juu sitosheki na jibu la "kaanguka". Nataka kujua alisimama wapi, alishika nini, na nani alikuwa anamharakisha.

Kila niliyemsimulia kisa hiki alinijibu kwa neno moja: mkwezi. Mkwezi ana papara, mkwezi kajitakia, mkwezi wa siku hizi si kama wa zamani. Nami nilikubali siku mbili za mwanzo. Halafu nikakaa na kalamu na karatasi, nikaona kwamba mkwezi ndiye mtu wa mwisho wa kulaumiwa katika mavuno yale. Kosa lilifanyika miezi miwili nyuma, barazani, pale shangazi alipopokea pesa.

Mti wenyewe

Mshelisheli huo uko nyuma ya nyumba, baina ya jiko la makuti na ua wa jirani. Urefu wake niliupima kama tunavyopima nguzo tusizoweza kuzifikia: nikachomeka fito ya mita 1 uani, kivuli chake kikawa sentimita 80, kivuli cha mti, saa ileile, kikawa mita 13 na nusu. Gawanya, utapata karibu mita 17. Ngazi ya shangazi ina mita 4.

Shina linagawanyika panda tatu, na katikati yake kilele kinaendelea juu. Tawi la mashariki limelala juu ya jiko. La kusini limevuka ua na kumwingilia jirani. La magharibi limenyooka kuelekea waya wa umeme unaoingia nyumbani. Watu hupenda kuuliza nani alikuwa mpumbavu wa kupanda mti chini ya waya. Hakuna. Mti ulikuwapo kwanza. Umeme wa gridi ulitufikia Pemba mwaka 2010, kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga, na waliokuja kuvuta nyaya mitaani walizipitisha penye nafasi. Wakati ule tawi la magharibi lilikuwa fupi.

Mume wa shangazi, Mungu amrehemu, hakuupanda kwa mbegu, kwani shelisheli letu hili halina mbegu. Alichimba chipukizi lililoota kwenye mzizi wa mti mwengine, akaja nalo limefungwa kwenye gunia bichi. Ndivyo ulivyoenea mti huu kutoka visiwa vya Pasifiki ulikoanzia: mtu anabeba mche, haokoti kokwa. Na jina tulilolipa tunda letu ni lilelile tunaloviita visiwa jirani vya Shelisheli.

Jambo moja kuhusu mti huu ndilo lililomtia mkwezi matatani. Ubao wake ni laini na mwepesi. Tawi la mwembe likitaka kukatika hulia kwanza, linakupa nafasi ya kusema "ee" na kurudi nyuma. La mshelisheli linakwenda mara moja. Na matunda hayako karibu na shina, yako kwenye ncha za vitawi, kule ambako tawi limeshakuwa jembamba kama mkono wa mtoto.

Sasa mfikirie mkwezi wa minazi. Kijana huyu ndiye hodari wa kijiji chetu, minazi 30 kwake ni kazi ya asubuhi. Lakini kwenye mnazi unakumbatia shina, uzito wako wote umo katikati ya mti, na nazi zinakungoja kileleni palepale. Ukinyoosha mkono unazo. Hakuna siku mnazi unakwambia uache shina utembee juu ya tawi. Ustadi wake ni wa kweli, ila si wa mti huu. Sote tulimwona anakwea tukasema "mashaallah", na hakuna aliyeuliza atafika vipi kwenye ncha.

Barazani, mwezi wa Rajabu

Mchuuzi alipita katikati ya Rajabu. Akapiga hodi, akakaribishwa kahawa, akazunguka mti mara mbili shingo iko juu, akasema anaununua kwa 60,000. Kwetu tunasema "kununua mti", ingawa anayenunua hachukui hata jani: ananunua kilichomo juu, kwa kukadiria kwa macho. Matunda wakati ule yalikuwa kama ngumi. Shangazi alikuwa anataka bati mbili za kuezekea banda la kuku. Akasema bismillahi, akapokea.

Mauziano haya yapo miaka yote, kwenye maembe, kwenye mafenesi, kwenye mikarafuu inayokodishwa ikiwa bado na majani matupu. Na miaka yote masheikh wanatukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mpaka kufaa kwake kudhihirike, na katazo hilo, kama lilivyopokewa na Ibn Umar, limewahusu wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Hoja yake ni nyepesi kueleweka hata kwa asiyesoma: matunda yakipukutika kabla ya kukomaa, umekula pesa ya mwenzako kwa nini? Katika madhehebu yetu ya Shafi, linalouzwa kabla ya hapo linajuzu kwa sharti la kulikata papo hapo, na nani atakata shelisheli la ukubwa wa ngumi? Nilimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani jirani na kwetu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo kila mtu analijua mpaka amwone mchuuzi na noti mkononi."

Mimi si mtu wa kutoa fatwa, nataka kuonyesha kazi ya mauziano hayo siku ya mavuno. Pesa ya shangazi ilikuwa imeshakwisha: bati ziko juu ya banda. Tunda likishuka zima au likipasuka, kwake ni mamoja. Mchuuzi alimlipa mkwezi 10,000 kwa mti mzima, azidishe au apunguze. Kwa hivyo mkwezi akienda taratibu anapata 10,000, akienda mbio anapata 10,000 na bado anawahi mti mwengine kabla ya magharibi. Mchuuzi mwenyewe ana gari la kukodi linasubiri na boti ya asubuhi ya kwenda Unguja, na anajua kwamba shelisheli likishakatwa lina siku chache tu kabla ya kulainika. Ramadhani Unguja kila nyumba inataka futari ya nazi, na bei iko juu wiki hizi, haiko wiki ijayo. Basi atayataka yote siku moja, machanga na mapevu.

Hapo uani palikuwa na watu wanne wenye akili zao, na hata mmoja hakuwa na faida ya tunda kufika chini zima isipokuwa mchuuzi. Naye alikuwa barabarani anazungumza na dereva.

Alasiri ile

Asubuhi ilinyesha mvua ya kwanza ya masika, si nyingi, ila gome lilikuwa na utelezi upande usiopata jua. Mkwezi alikuwa amefunga kama sote. Alianza baada ya sala ya alasiri, saa ambayo mfungaji yuko dhaifu kuliko saa zote, akiwa na kingoe kifupi cha kuvutia vitawi na panga kiunoni.

Alikuwa anakata na kuachia. Niliwahi kufanya hesabu ya tofali lililodondoka kutoka jukwaani, na hesabu ya shelisheli ni ileile: kutoka mita 12 linafika chini kwa mwendo wa kama kilomita 55 kwa saa. Tunda la kilo mbili. Ardhi ya nyuma ya nyumba imekanyagwa miaka 30, ngumu kama sakafu. Lililoangukia majani makavu lilipona. Lililoangukia mzizi lilipasuka na kutoa maziwa. Watoto walikuwa wakikimbia kuyaokota katikati ya kudondoka, nikawafukuza mara tatu. Mara ya nne niliwafungia ndani.

Kisha akataka kishada cha matatu kwenye ncha ya tawi la mashariki. Kingoe hakikufika. Akasogea hatua moja, akasogea ya pili. Pale alipokanyaga palikuwa na donda la zamani, tawi dogo lilivunjwa miaka iliyopita likaacha shimo, maji yakaingia, mti ukaoza ndani huku gome la juu likionekana zima. Nililiona baadaye, kidole changu kiliingia mpaka kwenye fundo la pili. Tawi likaenda. Yeye akashuka nalo, akapiga tawi la chini kwa kifua, akaangukia mapaa ya makuti ya jiko, akatokeza upande wa pili na vumbi la masizi. Jiko la makuti ndilo lililomwokoa. Lingekuwa la bati na kona za mbao, ningekuwa naandika mengine.

Watu watatu walimkimbilia wamwinue. Hilo ndilo la kwanza watu wanalofanya na ndilo baya kuliko yote. Niliwazuia, nikamwacha alale alivyolala, nikamuuliza jina lake na siku gani leo, nikamwambia achezeshe vidole vya miguu, kimoja kimoja. Vilicheza. Shingo haikumuuma, mgongo haukumuuma. Hapo tu ndipo tulipomkalisha chini ya mlimau, tukaufunga mkono kwa fito mbili na kanga ya shangazi, tukampeleka hospitali kwa lile lile gari la mchuuzi. Angesema anaumwa mgongo au haisikii miguu, angebebwa kwa mlango tuliong'oa, kalazwa sawasawa, na si kwa kushikwa kwapa na magoti kama gunia la chumvi. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika. Plasta wiki sita.

Na wiki sita hizo nani analisha nyumba yake? Mchuuzi alisema ni kudra. Kudra ni kweli, lakini wanaoanguka mikarafuuni nao huanguka kwa kudra, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limewahi kuwalipa fidia, kwa sababu karafuu ni zao la serikali. Shelisheli halina shirika. Tulichanga mtaani. Shangazi, ambaye hakuwa na hatia wala pesa, alitoa kuku wawili kutoka kwenye banda lenye bati mpya.

Yale 45 yaliyopasuka hayakutupwa yote. Usiku ule mtaa mzima ulifuturu shelisheli la nazi, na mengine yalichomwa makaani. Lakini katika yale mazima 59 mchuuzi aliyopeleka Unguja, aliniambia baadaye kwa simu, kama thuluthi yalimrudia: machanga, yakipikwa yanakuwa maji, hayashiki nazi. Alikuwa na hasira na mkwezi.

Msimu uliofuata

Mti huzaa tena, na mchuuzi alirudi. Safari hii nilikuwa nimezungumza na shangazi mapema. Sikumwambia habari za kamba wala ngazi. Nilimwambia asiuze mti, auze tunda.

"Mwanangu," akasema, "tunda moja moja ni biashara ya watoto."

"Shangazi, mti mzima ndio uliomvunja mtu mkono."

Akanyamaza, akaendelea kupembua mchele. Mchuuzi alipokuja alimpa sharti mwenyewe, kwa maneno yake, na kwa ukali nisiokuwa nao mimi: 700 kwa kila tunda pevu linalofika chini zima, pesa taslimu pale uani, na mkwezi apate 200 kwa kila zima kutoka mfukoni mwa mchuuzi. Lililopasuka halina bei, si kwa huyu wala kwa yule. Mchuuzi aligombana kidogo, kisha akakubali, kwa sababu mara ya mwanzo alikuwa amelipa mashelisheli machanga nauli ya boti.

Mkwezi ni yuleyule. Mkono ulipona, umepinda kidogo tu. Kuanzia hapo sikufundisha mtu kitu. Nilikuwa nimejitayarisha na hotuba nzima ya usalama, haikuhitajika. Kijana alifika siku moja kabla, akakaa chini ya mti nusu saa akitazama juu, akaenda zake. Kesho yake alikuja na upondo wa mwanzi wa mita 5, ncha yake kafunga mundu uliotiwa makali, na chini ya mundu duara la waya lenye kipande cha wavu wa kuvulia samaki. Ukivuta, mundu unakata kikonyo, tunda linatumbukia wavuni. Akaleta kamba ya nailoni na kapu. Akaleta na mdogo wake.

Alivyofanya kazi ni kitu cha kutazama. Alipanda shina mpaka kwenye panda, pale mti ulipo mnene, akajifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye shina juu ya panda. Hakuifunga kwenye tawi: tawi likikatika, kamba iliyofungwa kwenye tawi inashuka pamoja na wewe. Kutoka pale hakusogea. Upondo ndio uliokwenda kwenye ncha badala yake. Tunda likiingia wavuni anavuta upondo kwa mikono miwili, anatua tunda kapuni, manne au matano yakitimia anateremsha kapu kwa kamba ya pili. Matunda ambayo upondo haukuweza kuyapakia wavuni aliyakata yakaangukia polo lililokunjuliwa, mdogo wake na kijana wa jirani wakilishika pembe nne, wamelilegeza, hawakulikaza. Likikazwa tunda linaruka kama mpira. Walijifunza hilo kwa tunda la kwanza.

Hakuna aliyemwambia achague mapevu. Lakini mchuuzi analipa pevu tu, basi kila tunda alilitazama kabla ya kuligusa. Alinieleza akiwa juu, mimi nikiwa chini, kwa sauti ya kupaza: changa ni kijani kibichi na vigamba vyake vimechongoka, ukilishika linakukwaruza; pevu vigamba vimelala, rangi imeanza kufifia kuelekea manjano, na utaona machozi ya maziwa yaliyokaukia juu ya ngozi. Likishanukia utamu na kubonyea kwa kidole, limepita, hilo ni la kula nyumbani leo leo. Na mti mmoja hauivishi yote pamoja, kwa hivyo ilibidi kurudi. Alirudi mara tatu, kila baada ya siku kumi hivi. Alikuwa akija asubuhi, jua limeshakausha gome.

Chini, shangazi alishika usimamizi. Kila tunda lililazwa juu ya majani ya mgomba, kikonyo kimeelekea ardhini, mpaka maziwa yachuruzike yaishe. Utomvu ukimwagikia ngozi unaacha madoa meusi na mnunuzi anadhani limeoza. Kisha kivulini, juu yake gunia lililoroweshwa. Ya nyumbani aliyatumbukiza kwenye pipa la maji, yakaa siku kadhaa zaidi bila kulainika.

Jumla ya raundi tatu: matunda 88, mazima 81. Shangazi alipata 56,700, mkwezi 16,200. Mwenye kuhesabu ataona shangazi kapata pungufu ya ile 60,000 ya Rajabu, naye hakukosa kuliona. Amenikumbusha mara mbili, moja mbele ya wageni. Nikamwambia tawi la mashariki halipo tena, na haikuwa Ramadhani. Akasema, "Najua. Nakukumbusha tu." Mchuuzi ndiye aliyefaidi zaidi safari hii, kwani hakuna lililomrudia. Hilo sikulitegemea na sina la kulifanyia, ila bei ya 700 naiona ndogo.

Mambo mawili ya pembeni

Tawi la kusini. Jirani alikuwa na manung'uniko ya siku nyingi: majani yanamjazia ua, matunda yanamtobolea paa la choo, na yanayoangukia kwake watoto wa shangazi wanaruka ua kuyafuata. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, aliitwa. Tunda la tawi lililovuka mpaka ni la mwenye mti, hilo jirani hakulipinga. Lakini naye ana haki ya kutaka tawi liondoshwe hewani mwake. Walikubaliana linalookotwa kwake linaliwa kwake mpaka tawi likatwe. Wakati wanazungumza, mtoto mmoja akaonyesha kwamba upande wa jirani, hatua tatu kutoka kwenye ua, pameota chipukizi la mshelisheli, majani yake matatu makubwa yaliyochanika kama mikono. Mzizi ulijeruhiwa na jembe lake mwenyewe alipokuwa akilima mihogo, na mzizi wa mshelisheli ukijeruhiwa huota mche hapohapo. Jirani aliyekuwa akilalamika kuhusu mti akaomba ruhusa ya kuufuga. Shangazi akamwambia auache mpaka ufike kiunoni ndipo autenge, na asiukate mzizi mkubwa.

Tawi la magharibi, lenye waya. Hili tuliliacha lilivyo, matunda yake 11 yakiwa juu. Mkwezi mwenyewe aliuliza kama apitishe upondo kwa chini, nikamkatalia kabisa. Mwanzi si chuma, lakini mundu ni chuma, kamba ikilowa inapitisha, na mtu aliyejifunga kwenye mti hana pa kurukia. Ngazi ya alumini ya jirani pia niliirudisha. Umeme ukatwe kwanza na wenye umeme, kisha tawi likatwe. Tumeshawapelekea habari, tunangoja.

Matunda 11 hayo yaliliwa na popo. Nasema popo wakubwa wa Pemba, wenye uso wa mbweha, ambao duniani kote wako kisiwani kwetu tu. Zamani waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na sasa kuna vijiji kama Kidike vinavyowalinda kwenye miti wanayolala mchana. Walikuja usiku nne mfululizo. Shangazi alikuwa akiwasikia wakigombana juu ya bati lake, akifungua dirisha kuwatukana, kisha akirudi kulala. Asubuhi uani palikuwa na makapi yaliyotafunwa na kutemwa, makavu, kama maganda ya muwa.

Kuupunguza mti

Dawa ya kudumu naijua na shangazi anaijua. Mshelisheli unavumilia kupogolewa kuliko miti mingi ya matunda: ukiukata baada ya mavuno unachipua upya, na machipukizi hayo ndiyo yatakayozaa. Hawaii wapo wakulima wanaouweka kama mita 6 tu maisha yake yote, mtu anachuma kwa upondo amesimama chini, bila kukwea. Sharti ni kukata kwa msumeno karibu na panda, si kwa panga katikati ya tawi kisha kuliacha lichanike, maana kila kigutu kinachoachwa kinaoza, na donda lile la tawi la mashariki lilianza hivyo hivyo. Wala hukati mti wote siku moja. Unaanza na tawi moja, msimu ujao jengine, ili uendelee kula huku ukiushusha.

Nilimweleza shangazi haya yote jioni moja, tumekaa nyuma ya jiko jipya. Akasikiliza vizuri. Akasema tawi la kusini tukate, la magharibi tukate umeme ukizimwa, ila kile kilele cha katikati kisiguswe, kwa sababu mume wake alipokuwa akitoka shambani alikuwa akikiona kutoka barabara kuu na ndiyo alama yake kwamba keshafika nyumbani. Sikubishana. Mshelisheli wenye panda mbili zilizoshushwa na kilele kimoja kirefu utaonekana kituko, lakini matunda ya kileleni hayazidi 15, na mkwezi anasema kutoka kwenye panda upondo wa mita 7 utayafikia ukiunganishwa vizuri.

Wiki iliyopita kijana amenipigia simu kuniuliza kama naweza kumtafutia mwanzi huo Unguja, mnene chini mwembamba juu, usio na nyufa. Nikamwambia nitautafuta. Akaongeza kwamba msimu ujao anataka 250 kwa tunda. Shangazi kasema 220. Mchuuzi bado hajaambiwa.